Mwanamke Aliyejua Usingizi wa Mume Wangu

Nina wivu. Nalisema hili mapema ili msomaji asipoteze muda kuutafuta katikati ya mistari. Nilikua nao pale Kingolwira, kwenye nyumba za askari magereza, ambako baba yangu alihamishiwa kutoka Singida kabla sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu wafungwa wanapokwenda shamba na kuwahesabu tena wanaporudi, na mimi nadhani nilirithi ule ugonjwa wake wa kutaka kila kitu kiwepo mahali pake. Sahani yangu haikuliwa na mtu mwingine. Kanga yangu haikuazimwa. Nilipoolewa na Mluguru na kuhamia Mwembesongo, nikamweka mume wangu kwenye hesabu hiyo hiyo, na sikuona kama kuna ubaya.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha mjini. Kikaja kile kipindi viwanda vinafungwa kimoja baada ya kingine, huku tukiambiwa kwamba vinatafutiwa mmiliki mpya. Alikaa nyumbani miezi mingi akitazama dari. Kisha akakumbuka kwamba mlimani kwa ukoo wa mama yake kuna karoti, kabichi na njegere ambazo watu wa Dar es Salaam walikuwa wanazililia, na biashara sasa ilikuwa ruksa, hakuna wa kukuuliza umepewa kibali na nani. Akaanza kupanda Uluguru, ananunua kwa wakulima, mizigo inashushwa kwa vichwa vya akina mama mpaka pale gari linapoishia, halafu inakwenda Dar. Mimi nilikuwa na meza ya mitumba sokoni. Haukupita muda mrefu tukawa watu wenye pikapu.

Akanenepa. Kwanza tumbo, halafu mashavu, mwisho shingo ikapotea kabisa, kola za mashati yake zikawa hazifungiki. Majirani walinisifu kana kwamba ni mimi niliyemkanda na kumwumua. Walisema ninamtunza, na kweli nilimtunza. Tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya chupa ya mafuta ya kupikia, na sasa mafuta yalijaa kila duka, basi nilikaanga kila kitu: samaki, ndizi, viazi, hata mboga za majani zilielea. Jioni alikuwa na bia zake. Hakuna mwanamke wa mtaa wetu ambaye mume wake aling'ara kama wangu, na nilipenda wanavyomtazama akipita, na wakati huo huo nilichukia wanavyomtazama.

Pamoja na unene kukaja na kukoroma. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa ananisalimia asubuhi huku akicheka, "Naona jana baba alilala vizuri." Sote tulielewa hivyo, kwamba mtu anayekoroma namna ile ameshiba, ameridhika, hana wasiwasi wa kesho. Baba yangu alipokuja kututembelea alimsikia mchana akiwa kwenye kochi, akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa na kazi ya kuamka alfajiri kuwahi kufunguliwa kwa mabelo ya mitumba, kwa hiyo nilihamishia godoro langu chumba cha watoto. Hatukugombana. Nilimwachia kitanda kizima alale kwa nafasi, na nikajiona mke mwema.

Yakaanza mambo ambayo mwanamke mwenye akili zake hawezi kuyapuuza. Alikuwa anarudi kutoka mlimani, ambako alilala mara mbili kila wiki, macho mekundu, kichwa kinamgonga, hana nguvu ya kuvua viatu. Alisinzia juu ya sahani. Alisinzia kanisani, padri akamtaja kwa utani kwenye mahubiri. Siku moja alisinzia akiwa amesimama, ameegemea mlango wa pikapu, mteja anamwuliza bei ya kabichi. Na kitandani, nikimfuata, alikuwa ananigeuzia mgongo na kusema amechoka. Mwenzangu wa meza ya jirani sokoni, mwanamke aliyeachika mara mbili na aliyejiona bingwa wa wanaume, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja tu.

"Mwanaume anayelala mchana, usiku anafanya nini?"

 Nilikuwa tayari na jibu langu, nalo lilikuwa linaishi mlimani, kwenye kijiji kimoja cha misheni, katika nyumba ambayo mume wangu alifikia kila alipokwenda kununua mboga. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa rika langu, mkulima wa karoti, ambaye pia alimkusanyia mizigo kwa wakulima wenzake. Nilipouliza wanahusiana vipi, mume wangu alisema kwa wepesi, "Ni mtani wangu." Waluguru wana koo zinazotaniana toka enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako, akakucheka ukiwa msibani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Kwetu Singida nasi tuna watani, lakini ni watu wa makabila mengine wanaokutana nawe njiani wakaendelea na safari zao. Mtani anayekupikia na kukutandikia kitanda, huyo kwangu alikuwa mgeni. Mume wangu aliniona natafakari, akacheka, akasinzia.

Nilimwona huyo mwanamke kwa mara ya kwanza kwenye msiba wa mjomba wake mume wangu. Kwa Waluguru mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, basi tulipanda wote, watoto na mimi, kwa miguu kutoka pale pikapu ilipoishia. Njiani mume wangu alisimama mara nyingi, mkono kifuani, akisema tusubiri atazame mashamba. Akina mama wenye vikapu vya karoti kichwani walikuwa wanatupita wakishuka na wengine wakipanda, wanaongea, hawahemi. Niliwachukia kidogo wale nao.

Baada ya maziko watani walianza kazi yao. Kule watani ndio wanaoondoa uzito wa msiba: wanamwigiza marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyokataa kula ugali wa jana, mpaka waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka. Yule mjane alikuwa fundi. Mwembamba, mrefu, kitambaa cheusi kichwani, alimwigiza mjomba akipangusa pua kabla ya kusema neno la busara, na watoto wa marehemu wakagaagaa kwa kicheko. Nami nilicheka. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Huyu mtani wangu wa mjini," alisema, "mnamwona kanenepa hivi, mnadhani yupo hai. Mimi namzika kila siku."

Akajilaza chali kwenye mkeka, katikati ya uwanja. Akavimbisha tumbo. Akakoroma, na alikuwa ndiye mume wangu kabisa, ule mvumo wa chini unaopanda mpaka unapasuka. Watu wakapiga makofi. Halafu akanyamaza. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka lakini hakuna hewa iliyoingia wala kutoka, mdomo wazi, kidevu kimedidimia. Akakaa hivyo. Watu wakacheka, wakaacha kucheka, yeye bado kanyamaza. Kisha akashtuka mwili mzima, akavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyetolewa mtoni, akatupa mkono, akaendelea kukoroma. Uwanja mzima ukalipuka. Mume wangu alicheka mpaka machozi.

Sikucheka. Kukoroma nilikujua, mtaa mzima ulikujua. Ule ukimya sikuujua. Nilikuwa nimezaa naye watoto wanne, na hapa palikuwa na mwanamke aliyejua jambo la mwili wake ambalo mimi nalisikia kwa mara ya kwanza pamoja na watu wa msiba.  Kama angesema amemwona uchi nadhani ningeumia kidogo zaidi ya hapo, lakini sina hakika.

Nilimfuata jikoni nyuma ya nyumba, nikamkuta anamenya ndizi. Nilimsalimia kwa sauti ya mke wa mtu.

"Umejuaje mume wangu anavyolala?"

Hakuacha kumenya. "Keti, mtani. Nyumba yangu kati ya chumba na chumba ni fito na udongo, na udongo wenyewe umedondoka. Mimi nalala na mama yangu mzazi huku, mumeo analala na magunia ya karoti kule. Akikoroma nasinzia. Akinyamaza naamka. Nasubiri. Asipovuta pumzi nagonga ukuta kwa mchi, anashtuka, anavuta. Ndiyo kazi yangu kila anapokuja."

"Na hukuniambia?"

"Nilimwambia yeye. Alicheka. Nikadhani wewe unalala naye, unajua zaidi yangu." Akanitazama sasa, na macho yake nayo yalikuwa mekundu. "Mimi nimechoka kumlinda, mtani. Akifia kwangu, watu wa ukoo wake watasemaje? Na wewe utasemaje?"

Nilijua vizuri sana ningesemaje. Niwe mkweli: tangu pale niliamini kwamba hawakuwa na lolote. Mama yake mzazi alikuwa amekaa pembeni yetu, kikongwe, na niliposema shikamoo aliitikia kisha akaongeza kwamba mtani wao wa mjini anawanyima usingizi. Mashaka yaliondoka jikoni mle. Wivu ulibaki, na ulikuwa mkubwa zaidi, maana mwanamke anayemchukua mume wako unaweza kumfukuza. Huyu alikuwa anamrudisha kila wiki akiwa anapumua.

Tuliporudi mjini nilimwambia mume wangu aache kulala kule. Akasema alale wapi, juu ya kabichi? Nikasema aende hospitali. Akasema yeye analala kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba hii, mgonjwa ni mimi nisiyelala. Nikakasirika, nikamwacha. Chumba cha watoto sikuhama. Kuhama kungekuwa kukubali kwamba yule mwanamke ndiye aliyenifundisha pa kulala.

Miguu yake ilianza kuvimba jioni. Akawa hawezi kupanda mlima bila kusimama kila kona. Wakati huo zahanati za watu binafsi zilikuwa zinaota Morogoro kama maduka ya simu yalivyokuja kuota baadaye, na tulikwenda kwenye mojawapo. Wakampima presha, wakapima tena kana kwamba kipimo kimekosea. Wakampa vidonge. Akarudi, presha iko pale pale. Wakamwongezea vidonge vingine. Haikushuka. Mwishoni wakamtuma kwa daktari wa moyo ambaye alikuwa anakuja mjini kwetu mara kwa mara kuona wagonjwa, mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha akanyamaza mpaka ujisikie vibaya.

Alisoma majina ya vidonge vyote. Akamshika mume wangu shingo kama anayepima kola ya shati. Akamwomba afungue mdomo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, mzee analalaje?"

"Analala vizuri sana, daktari," alidakia mume wangu.

Daktari aliendelea kunitazama mimi. Nikasema, "Vizuri. Anakoroma tu." Sikutaka kusema habari za mchi na ukuta wa fito. Ningesemaje? Kwamba kuna mwanamke mwingine ndiye mwenye habari? Daktari alisubiri, nami nikasubiri, na baba yangu alikuwa amenifundisha kusubiri. Akaandika kitu, akatuambia turudi baada ya vipimo.

Jumapili iliyofuata mume wangu alikula pilau, akajinyoosha kwenye kochi. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo, watoto wako mpirani. Mkoromo ukaanza kama kawaida. Kisha ukakatika. Nilikuwa nimekwisha kusikia kukatika kule mara nyingi nikiwa na kazi zangu, nikadhani amegeuka ubavu. Safari hii niliacha sufuria ndani ya maji. Nilijiambia siendi. Nilijiambia atavuta sasa hivi. Nikaenda.

Alikuwa chali. Kifua kinapambana na hakuna kinachoingia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa ya zambarau iliyofifia, na lile jambo yule mwanamke hakuwa ameweza kuliigiza. Nilisimama pale mlangoni na mikono yenye povu, nikaona kwamba ukimya wake ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwenye mkeka. Mtani alikuwa ameupunguza kwa huruma. Nikamtikisa kwa nguvu zote. Akavuta hewa, akafumbua macho.

"Una nini wewe? Mtu akilala kidogo unaona wivu."

Alisema kweli pasipo kujua. Niliketi sakafuni karibu na kochi mpaka watoto waliporudi. Usingizi wake ulikatika tena na tena, na kila mara nilimtikisa, na kila mara alinikemea. Nilifikiria habari za mlimani. Mwanamke yule alikuwa amefanya hivi kila wiki kwa miaka, kwa mtu asiye wake, na badala ya shukrani alipata kicheko. Nilitamani asingekuwepo duniani, na nilijua kabisa kwamba bila yeye mume wangu asingekuwepo duniani.

Nilirudi kwa daktari peke yangu kabla ya siku ya miadi, nikamweleza. Safari hii akawa na maswali mengi. Tangu lini? Akilala ubavu ni hivyo hivyo? Akiwa amekunywa bia inazidi? Anaamka akitokwa jasho? Nilijibu la kwanza kwa kubahatisha, la pili sikulijua. Akauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine nyumbani anayemwona akilala. Nilitazama bango la chanjo ukutani kwa muda.

"Yupo mtu," nikasema. "Ila si wa nyumbani."

Nilimtumia yule mjane salamu kupitia kwa akina mama wa karoti. Siku ya miadi alishuka mlimani, kikapu kichwani, akanikuta kwenye lango la zahanati na mume wangu ambaye alikuwa amekasirika kwamba tumemfanya sinema. Hakuona haya hata kidogo. Daktari alipomwuliza yale maswali, alijibu yote. Akilala ubavu kunapungua, akigeuka chali kunarudi. Siku ya bia usiongee. Anaamka ameloa, anaomba maji, anakwenda kukojoa mara nyingi, asubuhi anashika kichwa. Ilianza mwaka ule alipoacha kufunga vifungo vya kola. Halafu akasema, "Ngoja nikuonyeshe, daktari," akapanda kwenye kitanda cha wagonjwa na viatu vyake vya plastiki, akajilaza chali.

Aliigiza yote. Daktari hakucheka. Alimtazama huku ameshika kalamu bila kuandika, na ule ukimya ulipofika, mume wangu ambaye msibani alicheka hadi machozi, nilimwona anameza mate. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alijiona. Mtu hawezi kujua anavyolala. Inabidi aambiwe na anayemtazama, na aliyekuwa anamtazama alikuwa amelala pale kitandani na kitambaa chake cheusi, anashtuka, anavuta hewa.

Daktari alitueleza polepole, akitutazama wote watatu. Alisema koo la mume wangu linajifunga akilala, kwa sababu nyama za shingo ni nyingi na ulimi unarudi nyuma. Hewa ikikosekana, mwili unapiga kengele ya hatari: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mtu anazinduka kiasi cha kuvuta pumzi bila kukumbuka. Kisha linajifunga tena. Yeye anadhani amelala, moyo wake umekesha ukikimbia.

"Na hilo si la usiku tu," alisema. "Mwili unaoshtuliwa hivyo kila siku unaanza kujiona uko vitani. Unatuma askari wake kwenye damu kama vile kuna kidonda mahali. Kidonda hakuna, lakini askari wamekwisha kutoka, na hawarudi kambini. Wanaleta uvimbe kwenye kuta za mishipa, kwa ndani. Mmewahi kuona koo la mtoto mwenye mafindofindo lilivyo jekundu? Kidogo kama hivyo, ila huu hauumi. Mafuta ya damu yanapata pa kunata. Mwaka baada ya mwaka mshipa unakuwa mwembamba. Mafuta ya tumboni nayo yanachochea uvimbe huo huo, kwa hiyo haya mawili yanasukumana."

Mume wangu aliuliza kama basi atakufa.

"Si kila anayekoroma ana jambo hili, na si kila mwenye nalo moyo wake utaharibika. Hatari inaongezeka, mzee. Vidonge vyako havishushi presha kwa sababu kila usiku kuna kitu kinaipandisha."

Askari nilielewa. Nimekulia kambini, najua jinsi zamu isiyobadilishwa inavyomwondolea mtu utu, anaanza kupiga hata wasio na kosa. Nilimwona baba yangu mwishoni mwa wiki mbaya.

Ilikuwepo mashine, daktari alisema, inayosukuma hewa puani mtu akiwa amelala, lakini wakati ule hata Dar es Salaam zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Kwetu kilichobaki kilikuwa kupunguza mwili, kuacha bia, vidonge bila kuruka, kulala ubavu, na mtu wa kuwa karibu anayesikia. Akatutazama mimi na mwenzangu. "Nani atakuwa naye?"

"Mimi," nilisema haraka, kabla mwenzangu hajafungua mdomo. Alikuwa hata hajakusudia kuufungua. Alikuwa anatafuta kikapu chake.

Nje, kwenye baraza ya zahanati, alinivuta pembeni. "Usisikilize anavyokoroma," aliniambia. "Hilo litakulaza. Sikiliza panapokatika. Ukisukuma, sukuma bega kutokea chini, siyo kwa juu, atageuka mwenyewe." Aliongea kama anayenionyesha namna ya kubeba mtoto wa mtu. Nilimshukuru, na kila neno lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli na lilikuwa langu kwa haki na nilikuwa nalipokea kwa mkono wa mwingine.

Nilirudi kitandani kwangu. Mwanzoni sikuwa na ustadi. Nilichoka na mitumba, nikalala mpaka asubuhi, nikaamka nimeshika bega lake kwa hofu. Baadaye sikio langu lilizoea. Nilimshonea mto mgongoni mwa fulana ili asilale chali, akalalamika kwamba anafanana na punda, nikamwambia punda wanaishi miaka mingi. Sikukaanga tena. Alichukia mchicha wa kuchemsha kwa moyo wake wote, na bia aliacha, akarudia, akaacha. Mwili ulipungua. Akaacha kusinzia mezani, akawa anabisha tena na mimi mpaka mwisho wa mabishano, na jioni fulani hakunigeuzia mgongo. Presha ilishuka mpaka daktari akatabasamu. Alituonya tu kwamba miaka iliyopita imekwisha kuacha alama zake ndani, na zile hazifutiki zote.

Mlimani alikwenda mara chache sasa. Lakini akina mama wa karoti walikuwa wanapita mbele ya nyumba yetu siku za soko wakirudi kwao, na kila mara mmoja wao alisimama na kusema, "Mtani anauliza, anapumuaje?" Nilijibu kwamba ni mzima. Sikuongeza neno. Miaka yote ile sikumwalika yule mwanamke nyumbani kwangu hata mara moja, na mume wangu alijua sababu, na alikuwa anacheka kimya kimya kwenye kahawa yake.

Alikufa mchana, akiwa macho. Tulikuwa tumemaliza kula, watoto wakubwa hawapo, ananisimulia kuhusu dereva aliyepakia kabichi juu ya nyanya, na katikati ya maneno akaweka mkono kifuani. Alitokwa na jasho. Alisema anataka kukaa kitandani. Nilimkalisha, nikataka kukimbia kuita gari, akanishika mkono akasema subiri kwanza. Nilisubiri. Nilikuwa namtazama usoni, nasikiliza kama nilivyofundishwa, nikasikia panapokatika, na nikasukuma bega, na nikasukuma.

Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia hodi barabarani, nikatoka nimefunga kanga vizuri. Walikuwa wale akina mama, vikapu vitupu kichwani, wanawahi kupanda kabla ya mvua.

"Mtani anauliza, anapumuaje?"

Nilijua desturi. Mtani ndiye wa kuambiwa mapema, maana bila yeye kaburi halichimbwi wala machozi hayapunguzwi. Niliwatazama, nikasema, "Mwambieni ni mzima." Wakanishukuru, wakaenda zao. Nilisimama mlangoni mpaka walipopotea kwenye kona, kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikaketi kitandani kando yake. Majirani nilikuwa sijawaita bado. Kwa mchana ule mmoja hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua habari za pumzi zake isipokuwa mimi.